Ndege Isiyochaji

Alternata ya mume wangu ilikuwa inachaji vizuri sana Mikumi. Ikifika Kilosa, haichaji. Ndivyo tulivyoishi kwa zaidi ya mwaka. Jumamosi naifungua, naitia kwenye mfuko wa salfeti, Jumapili napanda nayo basi, naipima mezani kwangu Mikumi, inatoa umeme mpaka raha. Narudi nayo Kilosa, tunaifunga, tunawasha injini, na sindano ya mita inalala pale pale ilipokuwa imelala. Makondakta walishatuzoea. Mmoja wao, kijana mwenye mdomo, kila akiuona ule mfuko aliuliza, "Mama, huyu mgonjwa wako hajapona tu?" Nilikuwa nacheka, kwa sababu nilijua anataka nicheke.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nina kibanda changu Mikumi kando ya barabara kuu, nasuka alternata na stata za malori, na Jumamosi hurudi nyumbani kwetu Mabwerebwere, Kilosa. Mume wangu ni fundi wa ndege ndogo. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi kwenye viwanja vya vumbi, na alipostaafu alijenga banda la mabati ubavuni mwa nyumba, na ndani ya banda akaanza kujenga ndege yake mwenyewe. Ya watu wawili, mbawa za kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngoma. Injini aliitoa kwenye gari dogo la Kijapani lililopinduka, kwa hiyo ndege yetu ina alternata ya gari, taa ya chaji ya gari na magonjwa ya gari. Majirani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuleta wageni wao waje kuitazama.

Aliijenga na mtoto wetu. Tulikuwa naye huyo huyo mmoja, kijana mkubwa aliyekwisha maliza chuo na anangoja kazi, na katika kungoja akawa fundi msaidizi wa baba yake. Mwaka jana wakati wa kiangazi alikufa kwa ugonjwa wa figo. Nalisema kwa ufupi kwa sababu hivyo ndivyo linavyokaa kichwani mwangu. Alilazwa, akavimba, akafa. Nilikuwa nimemshika mguu, na nikaendelea kuushika mpaka nesi akaniambia, "Mama, basi." Tangu hapo nimepata ganzi. Nakula, nafanya kazi, naitikia salamu za watu, na yote hayo yanafanyika mahali fulani mbali kidogo na mimi.

Tulimpeleka kuzika Malolo, kwa wazee wa upande wa baba yake. Tulikodi pikapu. Tulipoiacha lami na kuanza kupanda, pikapu ilizima katikati ya njia na haikuwaka tena. Padri alikuwa anasubiri, jua linashuka, na vijana wa kule wakashusha jeneza wakalibeba mabegani. Mume wangu alifungua boneti. Watu walimwambia aache, twende, gari litaangaliwa baadaye. Akasema, "Tangulieni, nakuja sasa hivi." Tukatangulia. Tuliimba, tukazika, tukaweka mashada, na yeye alifika wakati wanawake wanagawa chakula, akiendesha pikapu iliyopona, mikono imejaa grisi. Hakuna aliyemlaumu. Mtu akifiwa na mtoto wake wa pekee hakuna anayemhesabia adabu. Lakini kaburi hakuliona siku ile, na mpaka siku hii ninayoisimulia alikuwa hajaliona.

Kwa watu wa kwao msiba hauishi siku ya kuzika. Kwanza husimama msalaba wa mbao, na ukipita mwaka ndugu hukusanyika, kaburi linajengewa kwa mawe na saruji, padri anabariki, watu wanakula, na hapo ndipo matanga yanaanuliwa. Jiwe la kwanza huwekwa na baba wa marehemu. Kama baba hayupo duniani, basi mjomba. Lakini kama baba yupo, mzima, anapumua, hakuna mwingine anayethubutu kuligusa jiwe hilo, na mimi mama mtu ndiyo kabisa.

Mwaka ulipita. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu anayekaa Malolo, akawa anapiga simu. Mwanzoni alipiga kwa upole. Baadaye akaacha upole.

"Shikamoo wifi," nasema.

"Marahaba. Mnakuja lini?"

"Kaka yako anasema tumalize ndege kwanza."

"Ndege! Wifi, huu msalaba mchwa wanautafuna. Mvua za mwaka huu zimebomoa udongo. Kuna kaburi la mtoto wa jirani hapo pembeni, na lenyewe halina alama. Msalaba ukianguka, nitawaonyesha nini? Niwaonyeshe majani?"

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kaburi la mwanangu lijengwe kabla msalaba haujaanguka. Na mume wangu alikuwa na jibu moja. "Ikichaji tu, tunakwenda." Alilisema kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu, huku anafuta mikono kwa tambara, na mimi nikalikubali, kwa sababu lilikuwa jambo la umeme na umeme ndiyo kazi yangu. Niliona ni njia fupi. Nitaitengeneza hiyo chaji, tutakwenda Malolo, kwisha.

Sasa, ndege isiyochaji si mchezo. Gari likikuishia betri unasimama pembeni ya barabara, unakata majani unaweka nyuma ya gari, unasubiri msamaria. Huko juu hakuna pembeni. Ile injini inahitaji umeme ili iendelee kuunguruma, redio inahitaji umeme, na betri peke yake haiwezi kukufikisha mbali. Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka Dar, akaisifia kazi ya mbawa, akaipiga picha, kisha akaangalia mita injini ikiwa inanguruma. Sindano ilisimama kwenye volti kumi na mbili, ikaanza kushuka. Akamwambia mume wangu, "Mzee, ikichaji niite." Nadhani ndiko alikolitoa lile jibu lake.

Nilianza pale tunapoanzaga sote. Mkanda: umekaza. Betri: tulinunua mpya, ikafa kama ile ya zamani. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini, niliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa, na nikaongeza mwingine. Fyuzi nzima. Nilibadilisha makaa ya alternata, vile vipande vinavyosuguana ndani yake kupitisha umeme, nikabadilisha katauti, kile kidude kinachozuia umeme usizidi. Kila nilipobadilisha kitu niliipima mezani Mikumi, ikanipa kumi na nne na kidogo, safi. Kila nilipoifunga Kilosa ikalala. Kuna mara chache, mume wangu akipiga resi sana mpaka mabati ya banda yanatetemeka, sindano iliruka ghafla ikasimama kwenye kumi na nne na kubaki hapo. Akizima injini na kuwasha tena, haipo. Hilo lilinitia hasira kuliko kama isingechaji kabisa. Kitu kilichokufa nakielewa. Hiki kilikuwa kinanichezea.

Ndani ya nyumba tuliongea habari hizo tu. "Umeangalia ile plagi ya nyuma?" "Niliangalia." "Yawezekana waya umekatika ndani." "Nitaupima Jumamosi." Zamani tulikuwa tunaitana kwa jina la mtoto, Baba fulani, Mama fulani, kama wanavyofanya wazazi wote. Baada ya msiba ikawa haiwezekani, na majina tuliyopewa na wazazi wetu hatukuwa na mazoea ya kuyatumia sisi kwa sisi. Kwa hiyo tukawa tunaitana "wewe". Mtu akisikia angedhani tumegombana. Tulikuwa tunapendana vile vile, nadhani, ila hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuangalia kama ni kweli.

Jambo jingine lililonichosha ni ile betri. Kila nikifika Jumamosi naikuta imekwisha, wakati ndege haijawashwa wiki nzima. Nikatafuta mahali umeme unapovuja, sikupaona. Kisha Jumamosi moja basi liliwahi, nikaingia bandani bila kupiga hodi, nikamkuta mume wangu amekaa kwenye kiti cha rubani, swichi kaiwasha, injini kimya. Mbele yake paneli yote giza, isipokuwa taa ya chaji, imewaka rangi ya kijani. Alikuwa anaitazama tu. Aliponiona akazima swichi, akasema alikuwa anapima kitu.

"Ndiyo maana betri inakufa," nikamwambia. "Unaimaliza wewe mwenyewe."

"Samahani," akasema.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Mtu aliyestaafu hukaa popote. Niliunga chaja kwenye betri, nikaingia ndani kupika.

Taa ile ilikuwa ya kijani kwa sababu ya mtoto wetu. Kwenye gari taa ya chaji huwa nyekundu. Yeye alisema nyekundu inamtia mtu wasiwasi kabla hajapaa, na kwamba zile balbu za waya ni za kizee, zinakula umeme bure. Kabla tu ya kuanza kuvimba miguu alibadilisha taa zote za paneli akaweka za LED, alizoagiza kwa kijana wa bodaboda anayepamba pikipiki. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kwenye ile ndege. Hayo nilikuwa nayajua wakati wote, kama ninavyojua namba ya nyumba, na hayakunisaidia kitu.

Aliyenisaidia ni dereva wa fuso. Alikuja kibandani kwangu Ijumaa asubuhi, kijana wa watu, amebeba vitunguu vya watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Haichaji. Mpaka nianze kupanda mlima, nikanyage mafuta sana, ndiyo inashika. Nikisimama nikizima, ndiyo basi tena."

Nikafungua dashibodi. Sehemu ya taa ya chaji ilikuwa tundu tupu. Nikamuuliza balbu iko wapi. Akacheka kidogo. Alikwenda kwa fundi mwingine, taa ilikuwa inawaka inamsumbua tajiri yake, fundi akaichomoa. Ujinga huu naujua, umejaa barabara yote hii: tajiri hataki kuona taa nyekundu, na fundi anayetaka kumridhisha haponyi ugonjwa, anamfumba macho mgonjwa. Nilimsema yule kijana kwa niaba ya fundi wake mpaka akaanza kuomba msamaha. Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wote, kwamba ile balbu haikuwekwa pale kwa urembo. Umeme kidogo unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha alternata ianze kazi. Ukiitoa, alternata inabaki imelala mpaka uipigie resi kama mwendawazimu.

Nikachukua balbu ndogo kwenye droo, nikainama kuiweka, na mkono wangu ukasimama njiani.

Taa ya LED haili umeme. Ndiyo sifa yake. Inapitisha umeme kidogo sana, hautoshi kuamsha kitu. Na mezani kwangu, mwaka mzima, nilikuwa naiamsha alternata ya ndege kwa balbu yangu mwenyewe ya kupimia, balbu ya waya, kubwa. Ningeipima mara mia, ingechaji mara mia. Alternata haikuwa na kosa lolote tangu siku ya kwanza. Niliweka balbu kwenye fuso, likachaji, kijana akafurahi, na mimi nikakaa kwenye kigoda changu. Nilijaribu kuona kama nina furaha. Sikuiona. Niliona tu kwamba sasa tunaweza kwenda Malolo.

Wiki ile alternata nilikuwa nimeiacha Kilosa imefungwa kwenye injini, kwa hiyo Jumamosi sikubeba ule mfuko. Kondakta akaniuliza mgonjwa yuko wapi, nikamwambia amepona.

Mume wangu alikuwa bandani. Nilimsalimia, nikapanda upande wa pili, nikajilaza chini ya paneli na tochi mdomoni, nikaikuta ile taa na waya zake mbili, zimeungwa vizuri, zimefungwa kwa mpira mwembamba, kazi ya mtu mwenye subira. Nikatoa tochi mdomoni.

"Nimeipata," nikasema. "Ni hii taa. Nahitaji balbu ya waya. Niliyokuja nayo iko kwenye mkoba ndani, niletee."

Hakwenda ndani. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakikunjua. Ndani yake kulikuwa na balbu ndogo ya waya, ya volti kumi na mbili, mpya. Lile gazeti lilikuwa limelainika kwa jasho na kuchakaa kwenye mikunjo.

Niliitazama, nikamtazama.

"Unayo tangu lini?"

"Tangu masika."

"Ulijua?"

"Nilisoma kwenye kitabu cha injini. Nilijua."

Hasira ilinipanda. Naisema hivyo hivyo ilivyokuwa, ilipanda kutoka miguuni, na ilikuwa kitu cha kwanza kunifika mwilini tangu hospitali. Mwaka mzima wa mabasi. Makaa mapya, katauti mpya, wifi yangu analia kwenye simu habari ya mchwa, na huyu mtu ana balbu kifuani. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba amenifanya mjinga mbele ya kazi yangu mwenyewe. Nilimwambia kwamba mtoto yule ni wangu pia, na kwamba msalaba wake unaliwa na wadudu wakati baba yake amekaa kwenye banda anachezea swichi. Nilipiga kelele mpaka nikasikia mlango wa jirani unafungwa kwa heshima.

Aliningoja mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ikichaji, utaniambia twende Malolo."

"Ndiyo. Nitakuambia."

"Wewe ulimwona anafukiwa. Ulirudi umeshamwona. Mimi nilikuwa chini ya boneti." Alikuwa anaikunjakunja ile karatasi. "Mimi nikifika Malolo, ndipo atakuwa amekufa."

Hasira ilinitoka yote kwa mara moja, nikabaki nimelala chini ya paneli, mgongo unaniuma.

"Na kuitoa hii," akasema, akionyesha ile taa kwa kidevu, hakuigusa, "mikono yangu ilikataa. Nilijaribu. Aliweka yeye."

"Nani kakuambia uitoe?"

"Si lazima iingie balbu?"

"Inaingia. Lakini si lazima hii itoke. Naunga balbu ubavuni mwake, huku nyuma, hakuna atakayeiona. Zote mbili zinafanya kazi. Hii inabaki pale pale alipoiweka."

Fundi wa miaka yote ile, anayejua kufungua injini ya ndege na kuifunga gizani, hakulijua hilo, kwa sababu ni jambo dogo la waya, na mambo ya waya humwuliza mke wake. Na mke wake ndiye mtu pekee ambaye hakuweza kumwuliza.

"Ungeniuliza," nikamwambia.

"Ningekuuliza, ungejua."

Niliunga. Ni kazi ndogo, haichukui hata muda wa chai kuchemka. Yeye alinishikia tochi. Nilipomaliza nilitoka, tukasukuma milango ya banda ikafunguka yote, kisha akakaa kwenye kiti chake. Akawasha swichi. Taa ya kijani ikawaka kama kawaida. Akaniangalia mimi, akaiangalia taa, na hakuwasha injini.

Nilijua anangoja nini. Taa ya chaji ikiwa nzima na kila kitu kikienda sawa, kazi yake ni kuzimika. Inawaka pale tu ambapo kuna ubaya. Mwaka mzima ilikuwa inawaka kwa sababu ndege ni mbovu, na yeye aliutaka ule ubovu, aliukalia, aliulinda. Ningeweza kumwambia aache, tule kwanza, tufanye kesho. Nilitaka kumwambia. Nilimhurumia. Lakini nilifikiria mchwa.

"Washa," nikasema.

Akawasha. Injini ikashika, banda likajaa kelele na vumbi, kuku wa jirani wakatawanyika. Sindano ikapanda bila kupigiwa resi, ikapita kumi na mbili, ikapita kumi na tatu, ikasimama kwenye kumi na nne. Taa ya kijani ikazimika. Haikufifia taratibu. Ilikuwapo, kisha haikuwapo.

Mume wangu aliiangalia ile sehemu iliyozimika, mikono yote miwili juu ya magoti. Mdomo wake ulikuwa wazi, na kwa ile kelele ya injini sikuweza kusikia kama ana sauti. Nilimwacha. Nilisimama pale kwenye upepo wa panga la ndege, nguo zinanipepea, na nilikuwa nalia pia, ingawa niligundua hilo nilipojifuta vumbi usoni.

Alizima injini. Kisha akasema nimpigie dada yake.

Nilimpigia hapo hapo, nimeegemea bawa. Wifi alipokea, nikamwamkia, nikamwambia tunakuja wiki ijayo, amtaarifu padri. Hakuamini. Alisema wameshachoka kusubiri, vijana wamekwisha sogeza mawe kutoka mtoni, na yeye amewaambia Jumatatu waanze tu, liwalo na liwe, mjomba ataweka jiwe la kwanza.

Sauti yake hutoka nje ya simu. Mume wangu alikuwa ameshuka kwenye ndege, anakuja kwangu, anatembea vibaya kama mtu aliyekaa sana.

"Mwambie wasiliguse," akasema. "Mwambie wasiguse hata jiwe moja mpaka nifike mimi baba yake."